Ndege wa Kituyi Aliyelala Chali

Methali hii tuliletewa na watu wa pwani, maana sisi wa Eldoret nazi twaikuta dukani tu: mchagua nazi hupata koroma. Anayebagua mno huishia na ile isiyofaa. Asiyeamini na amuulize Kituyi.

Mwaka wa 1965 Kituyi alikuwa karani wa kiwanda cha mbao, mtu wa miaka arobaini, na chumbani mwake hamkuwa na kikombe cha pili. Si kwamba alikosa wachumba. Huyu alicheka kwa sauti mno, yule alitembea kama askari. Akabaki na saa ya dhahabu aliyoinunua mnadani, Mzungu mmoja alipouza shamba akarudi kwao.

Kwenye kitufe cha kuitilia saa hiyo ufunguo palichongwa ndege, mdogo kama punje ya wimbi. Kila Kituyi alipokikaza kitufe hicho kama skrubu, ndege alilala chali. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

"Bwana Kituyi, alama husimama pale skrubu inapoishia," Phineas, fundi wa saa, alimwambia. "Saa inakwenda sawasawa. Ukilazimisha, utaivunja."

"Saa ya dhahabu, ndege awe chali?"

"Basi itazame usoni, wacha kuichungulia ubavuni!"

Ndipo akampata Selpha, mwalimu mjane, aliyekuwa ameingia katika chama cha kununua shamba la mlowezi kule Turbo.

"Jumamosi tunapiga kura ya kugawana ardhi," Selpha alimwambia. "Lori litaondoka saa tatu. Sitaki kuitwa mbele ya watu nikiwa peke yangu. Ukija, nitajua. Usipokuja, pia nitajua."

Kituyi alifurahi kupita kiasi. Wiki hiyo alinunua kikombe cha pili.

Jumamosi alivaa suti mapema, akatazama saa: moja na nusu. Ndege chali! Lo, leo mbele ya umati? Akaketi kitandani, akakifungua kitufe, akakivuta, akakirudisha, akakifungua tena. Kila alipotazama, mishale ilisema moja na nusu, naye akashukuru kwamba bado ni mapema. Masikini! Alisahau kuwa kitufe kikivutwa, saa husimama. Mwishowe akakikaza kwa nguvu zake zote. Tak! Kikamkatikia vidoleni. Papo hapo king'ora cha kiwandani kikalia: saa nne.

Alikimbia mpaka kwenye mashine ya kusagia mahindi, lori lilikokuwa likingojea abiria. Alimkuta Mama Chepkoech, mwenye mashine, peke yake, akifagia unga.

"Ulikuwa wapi, Kituyi? Selpha alikungoja mpaka dereva akafoka. Khisa, yule mpasua mbao, ndiye aliyempa mkono, wakapanda pamoja."

"Khisa? Khisa hana hata saa!"

"Hana," alijibu Mama Chepkoech, "lakini alifika."

Kituyi alirudi chumbani. Akachemsha chai, akajikuta amemimina vikombe viwili, na kimoja kikapoa mbele yake bila mnywaji. Alipokitoa mfukoni kile kitufe kilichokatika, akakiweka kiganjani, ndege alikuwa amesimama wima kabisa, kwa kuwa sasa hakushikamana na kitu chochote. Hakika, mchagua nazi hupata koroma.