Singo ya Binti Tembo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla tembo hajajua kuomba radhi, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Vidimbwini. Mto ulipita katikati yake, lakini wakubwa walikuwa wameubana. Mzee Tembo alijenga ghala ukingoni, Kiboko akasogeza ukuta wake hadi majini, na kila mwenye taka alizitupa humo, pwaa!

Bondeni kabisa aliishi Bi Nguchiro na wanawe watano. Masika yaliyopita maji yalikosa njia, yakaingia shimoni mwake. Aliwatoa watoto mmoja mmoja kwa meno, na wa tano alimkuta anaelea. Mtoto alipona, lakini tangu siku hiyo radi ikinguruma, mama mtu hukimbilia kuwahesabu wanawe.

Akaenda kwa Mzee Tembo.

"Shikamoo, mzee. Masika yanakaribia. Tuufungue mto."

"Marahaba. Mto gani? Ule mtaro wa taka?" Tembo akacheka, ho! ho! ho! "Maji ya mji huu hayajanifika hata magotini, bibi wee!"

Bi Nguchiro akaenda zake. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kungwi wa mji, na harusi haikufanyika bila neno lake. Na Mwanate, binti Tembo, alikuwa anaolewa baada ya mwezi mmoja.

Mwali alipoingizwa ndani, Mama Tembo akaja mbio, anahema.

"Kungwi, nimeaibika! Liwa yote ya mji, ya kumsugua mwali ang'are, haimtoshi mwanangu hata mguu mmoja! Atasingwa, ngozi ilainike, kwa kitu gani?"

Bi Nguchiro akatazama huku na huku. "Mwili mkubwa una singo yake," akanong'ona. "Ni tope la mtoni. La juu ni taka, kalitupeni mbali. La chini kabisa, lile jeusi, ndilo linalolainisha."

"Hee! Kumbe!"

"Ila mwali hasingwi mbele za watu. Ghala la mumeo linachungulia mto, na ukuta wa Kiboko nao vilevile. Viondoke! Kisha hamishieni matete kingo zote mbili, yawe stara."

Mzee Tembo aliposikia, akapandisha masikio. "Ghala langu? Thubutu!"

"Basi mwanao achunguliwe," akasema mkewe.

Kulipokucha ghala likaanguka, puu! Kiboko, mjomba wa mwali, akauvunja ukuta wake kwa kichwa. Basi shangazi, mama wadogo, kina Nyati na kina Kifaru, wote wakaitaka singo. Wakapanda matete kingoni, wakachimba, chubwi! chubwi! Bi Nguchiro akasimama juu ya jiwe akiwakemea: "Tope lisirudi mtoni! Mkaogee mbali, singo itaharibika!" Nao, miili yote ile, wakamtii.

Siku ya harusi ngoma zilikuwa zimepamba moto mbingu ilipopasuka. Ngurumo, kisha mvua, shwaaa! Bi Nguchiro akaacha shughuli, akakimbilia mtoni. Je, kama hila yake haikutosha?

Maji yakashuka kutoka milimani, mekundu, yamebeba magogo mazima. Mto ukayapokea. Ukayapokea yote! Matete yakalala, maji yakapunguza kasi, matete yakainuka tena. Ule uliokuwa mtaro wa taka ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo, ukapita katikati ya mji bila kugusa mlango wa mtu.

Bi Nguchiro akabaki kinywa wazi. Hila ilikuwa yake, lakini hakujua kwamba mto ni mkubwa kiasi kile. Alijiona mdogo kuliko siku zote, na machozi ya furaha yakamtoka.

Mzee Tembo akaja, akasimama kando yake. Akautazama mto.

"Kungwi," akasema, "ngozi ya binti yangu ina makunyanzi yaleyale."

"Ndiyo, mzee."

"Na ya mke wangu."

"Ndiyo, mzee."

Tembo akatupa macho bondeni. Shimo la Bi Nguchiro lilikuwa kavu, na watoto watano walikuwa mlangoni wakipiga vigelegele.

"Kumbe aliyesingwa ni mto!" Akainamisha mkonga hadi chini. "Niwie radhi, bibi."

Basi, watoto wangu, ukiuachia mto nafasi yake, nao utakuachia yako.