Maji Yaliyochemka Kabla ya Mia

Hapo zamani, wala si kale sana kwa kuwa umeme ulikwisha kupanda mlimani hadi migombani, siku ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Aikande aliwasha pipa jipya la kupikia mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Saa hiyo aliiandika kwenye daftari. Alikuwa amesoma takwimu chuo kikuu, na jambo lisiloandikwa lilimkosesha raha.

Pipa lilikuwa kazi ya kaka yake Eliaichi, fundi umeme. Chini aliweka koili, ubavuni akachomeka waya wa kupima joto, juu akafunga kisanduku cha kuonyesha namba. Akakiagiza hivi: joto likifika mia, punguza moto.

Mbege ile ilikuwa ya mdogo wao Ndekirwa. Jumamosi ya wiki ya pili wakwe wangekuja kumposa, na Jumapili yake mchumba angesafiri kikazi miaka miwili. Bila mbege wazee hawakai kitako, na wasipokaa hakuna posa.

Koili ikapasha, ndizi zikatokota, namba ikapanda: tisini, tisini na tatu, tisini na tano. Ikakwama. Aikande akangoja mia. Akangoja mpaka moshi ukamfikia. Ndizi za chini zilikuwa zimegandamana na pipa, nyeusi kama lami. Wakamwaga.

Jumatano wakaongeza maji. Koili ikapasha, ndizi zikatokota, namba ikapanda: tisini, tisini na tatu, tisini na tano. Ikakwama. Zikaungua, wakamwaga tena, na ndizi mbivu zilizobaki zilitosha pipa moja tu.

Shangazi Manka, aliyepika mbege ya ukoo kwa miaka arobaini, alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Hicho kisanduku chenu kina pua?" akauliza.

"Hakina, shangazi."

"Haya." Akaendelea kumenya.

Alhamisi asubuhi Aikande akasema, "Waya wa kupima umekufa. Tuagize mwingine Arusha."

"Utafika lini?"

"Jumanne."

"Na ndizi zikishapikwa zinakaa wiki nzima ndipo zitiwe uji wa ulezi," Eliaichi akasema. "Tukipika Jumanne, mbege itaiva mchumba ameshaondoka. Lete barafu."

Akauzamisha waya kwenye barafu iliyoanza kuyeyuka. Kisanduku kikasoma sifuri. Akaubana kwapani, akakaa kimya kama mgonjwa wa zahanati. Kikasoma thelathini na saba kasoro kidogo.

"Waya mzima," akasema. "Na mimi sina homa. Tunapika leo."

Koili ikapasha, ndizi zikatokota, namba ikapanda: tisini, tisini na tatu, tisini na tano. Ikakwama. Ndugu wawili wakakodolea macho kisanduku. Ndipo shangazi Manka alipoweka kisu chini, akapita katikati yao, akachomoa plagi.

"Imechemka tangu muda ule," akasema. "Hamsikii?"

Mchana kutwa alichomeka na kuchomoa, akifuata sauti ya mapovu, mpaka ndizi zikaiva nyekundu, bila doa la moshi.

Lakini Aikande hakutulia. Waya haudanganyi, shangazi hadanganyi, basi nani? Ijumaa akabeba waya, kisanduku na birika, akashuka Moshi mjini. Maji yakachemka kwa tisini na saba. Akapanda hadi kwenye lango la msitu, akaomba umeme kwa walinzi. Maji yakachemka kwa tisini na tatu.

Akasimama pale na birika likifoka mvuke. Darasani aliwahi kuambiwa kwamba juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, nayo maji huchemka na kutoroka mapema, kabla ya mia. Alijibu mtihani, akapata alama zake, akasahau. Sasa aliinua macho kwenye theluji, akawaza kwamba mlima huu aliozaliwa ubavuni mwake ulikuwa umeingia katika kila sufuria ya mama yake, katika kila kikombe cha chai, ukitoza digrii zake kimyakimya, hatua kwa hatua, tangu kabla ya watu. Mia waliyoingoja haikuwapo nyumbani kwao. Haijawahi kuwapo.

Akarudi, akafuta mia kwenye kisanduku, akaandika tisini na nne na nusu, chini kidogo ya pale namba ilipokwama.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, siku ya kupika uji wa ulezi, shangazi Manka aliitwa msibani ghafla na Eliaichi alikuwa juu ya nguzo kijiji cha pili. Uji ukapanda, ukafika tisini na nne na nusu, na kisanduku kikapunguza moto chenyewe. Uji haukushika chini. Jioni, shangazi na Eliaichi waliporudi, wakauchanganya na maji ya ndizi, mbege ikaanza kuumuka.

Mama yao akamkabidhi Aikande kata, kibuyu cha kunywea mbege. "Unajua desturi ya boma hili. Kata ya kwanza hunywewa na aliyeiokoa pombe, mbele ya wakwe, na jina lake ndilo linalotajwa. Haigawanywi. Wewe ndiye msomi, kampe anayestahili."

Eliaichi akasikia. "Bila barafu yangu mngekuwa mnangoja basi la Arusha."

"Na mia aliiandika nani?" shangazi akamuuliza.

"Mimi. Na wewe, shangazi, ulijua tangu Jumanne ukanyamaza."

"Niliambiwa nisiguse mtambo. Mkono uliochomoa plagi ni wa nani? Na huyu mwenye daftari, moshi ulimpita puani akisoma namba."

"Ni kweli," Aikande akasema. "Lakini uji wa leo haukuokolewa na pua, wala barafu."

Asubuhi iliyofuata, saa nne kasoro dakika tano, wakwe walikuwa wamekaa na Ndekirwa amejifunga kitenge kipya. Aikande akachota mbege, akaijaza kata hadi ukingoni. Akatembea polepole uani, akasimama kati ya kaka yake na shangazi yake, povu likimgusa vidole. Wazee wakamgeukia, wakingoja jina.

Nanyi mnaosikiliza, msimwachie peke yake. Aliyeuthibitisha waya, aliyechomoa plagi, au aliyeijua namba ya mlima: je, nani alistahili kata ile?