Firigisi ya Jubilii

Hapo zamani, tena si zamani sana maana waliokuwepo bado wanasukumana wakisimulia, shule moja ya kanisa kule Maragoli ilifanya jubilii. Kuku wa meza kuu alibaki mmoja. Wenzake walikwisha kuliwa na kamati ya maandalizi. Basi firigisi nayo ikawa moja, na firigisi kwa Wamaragoli haikatwi. Hupewa yule aliyeheshimika kuwapita wote. Ukiikata vipande, umewatukana wote.

Muhonja, mpishi wa shule, alimpelekea mchungaji sahani aamue. Mchungaji akawaona wazee watatu wameikodolea macho. "Mama," akasema, "wewe ndiye mpishi. Gawa." Kisha akafumba macho kama mtu anayeomba. Mjanja yule.

Akakohoa Mzee Asiligwa, baba mkwe wa Muhonja. "Mwanangu, enzi zile msingi ukiishia darasa la saba, shule hii haikuwa na dawati hata moja. Serikali ikataka kuifunga. Nikachukua mabenchi ya kanisa nikawapa watoto. Waumini wakaabudu wamesimama miaka nenda miaka rudi, lakini watoto walisoma."

"Kusimama nako ni kazi?" akauliza Mwalimu Adagala, mkuu wa shule mstaafu. "Ulipokuja mfumo wa nane-nne-nne, tuliambiwa bila jiko la sayansi kimu, lile somo la mapishi, tufunge shule. Nani aligeuza ofisi ya mchungaji kuwa jiko? Kwaya iliimba ikikohoa moshi, na shule ikapona. Nawe Muhonja, kupika nilikufundisha mimi. Ulikuwa unaunguza hata uji."

Kweli tupu. Muhonja alimpenda mwalimu yule kama mzazi.

Mwalimu Imbuga, mkuu wa sasa, akatabasamu. "Mtaala mpya ulidai maabara. Nikaiweka pale madhabahuni. Mchungaji alihubiri habari za jehanamu, nyuma yake chupa zinafuka moshi. Watu hawajawahi kutubu vile. Tukapewa sekondari ya chini. Halafu, Mama Muhonja, mkataba wako wa kazi si uko mezani kwangu?"

Muhonja akaogopa hasa. Akimnyima baba mkwe, nyumbani hakukaliki. Akimnyima Adagala, atakuwa mtovu wa shukrani. Akimnyima Imbuga, kesho hana kazi.

Mchungaji akafumbua jicho moja. "Na aliyenyang'anywa mabenchi, ofisi na madhabahu, akanyamaza shule isife, huyo hana meno?"

Wote wakageuka kumtazama, kisha wakaitazama sahani. Muhonja alikuwa ameishika hadi mkono ukamfa ganzi. Tangu alfajiri alikuwa amewapikia wote hao, na yeye mwenyewe hakuwa ameonja hata mchuzi. Hakuna aliyemuuliza.

Haya, nyinyi mnaocheka, shikeni sahani. Mchuzi unapoa na wazee wanangoja. Je, firigisi ile ilistahili kinywa cha nani?