Misumari ya Bibi Tumpale

"Punguza kwenye rangi, usipunguze kwenye msumari." Fundi amewatupia maneno hayo asubuhi mlipokuwa mnabishana kama vifaa vya bei nafuu vinafaa, nanyi mmenijia mbio mkitaka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Bibi yangu mzaa mama, Tumpale, aliishi Rungwe, ambako mvua haina adabu, inaingia bila hodi. Binti yake Subilaga alipochumbiwa, upande wa kijana ulituma ujumbe kwamba unakuja kuleta posa. Nyumba ilikuwa haijamalizika. Akiba ilitosha kitu kimoja tu: rangi nzuri ya dukani, au misumari ya bati yenye kofia pana na mpira chini yake.

Ambokile, kaka yake Tumpale, alitaka rangi. "Dada, paa atalitazama nani? Tupige misumari ya kawaida, tuiwekee vizibo vya soda. Wageni wataona ukuta."

Subilaga alilia. "Mama, wakiona kuta hizi si wataghairi?" Alimpenda yule kijana, na jambo hilo hata mbuzi wa pale nyumbani walilijua.

Tumpale hakugombana na mtu. Alinunua misumari. Kisha akamshika binti yake mkono, wakashuka mtoni kuchimba udongo mweupe, ule wa bure, wakaupaka ukutani kwa matambara. Nyumba ikapendeza, ingawa Ambokile kila akipita aliuita "rangi ya mfinyanzi".

Siku ya posa, wageni walikuwa ndiyo kwanza wameketi mvua ikashuka. Ilipiga bati mpaka ikabidi watu wapaze sauti. Sekela, shangazi wa kijana, mama mkali ambaye wote walimwogopa, aliinua uso akalitazama paa kwa muda mrefu.

"Hapa hapavuji," Sekela alisema.

"Hapavuji, mama," Tumpale alijibu. "Ila rangi ni udongo wa mtoni. Mtuwie radhi."

"Radhi ya nini? Kwangu kuta zinang'aa, na ndoo zimejaa sebuleni!" Akamgeukia kaka yake, baba wa kijana. "Binti wa mama huyu tusimwache. Kafunzwa pa kubana na pa kutoa."

Ambokile, mbishi mkubwa yule, ndiye aliyedakia wa kwanza. "Jamani, punguza kwenye rangi, usipunguze kwenye msumari!" Watu wakacheka, na wageni wakaondoka na maneno hayo hadi kwao.

Subilaga ndiye mama yangu. Posa ile ingekataliwa, mimi nisingezaliwa, wala ninyi msingekuwepo kunisumbua. Ndiyo maana mvua ikipiga bati huwa nasema kwa Kinyakyusa chetu, ndaga fijo, bibi, asante sana.

Sasa rudini kwa fundi. Kinachopakwa leo na kupakwa tena mwakani, nunueni cha bei nafuu bila aibu. Akifika kwenye paa, mwambieni kwamba bibi yenu Tumpale amesema: punguza kwenye rangi, usipunguze kwenye msumari.