Bibi Nyamvula na Wajomba Kumi na Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale, kale mno, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Bibi Nyamvula. Bibi huyu alizijua koo zote. Baba yako, babu yako, baba wa babu yako, mpaka wa saba. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini kwa visa vya watu wale, msimlaumu.

Basi Kadzo, binti wa Riziki, akaposwa. Desturi ya pale ilikuwa hivi: bibi arusi hatoki nyumbani mpaka mjomba wake amshike mkono. Hakuna mjomba, hakuna arusi. Na Riziki hakuwa na kaka pale. Aliokotwa njiani mwaka wa njaa, mtoto wa miaka saba. Wanakijiji wakamlisha, wakampa jina la Riziki, wakamlea.

Wakwe wakasema, "Tunangoja siku saba. Mjomba asipoonekana, tunaposa kwingine."

Kadzo akalia, kwi, kwi, kwi. Alimpenda yule kijana, jamani.

Sasa, mjomba hupewa paja zima la mbuzi. Kulipokucha tu, hodi! Hodi! Wajomba kumi na wawili mlangoni kwa Bibi Nyamvula.

"Mimi ndiye mjomba."

"Umezaliwa tumbo moja na Riziki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yenu nani?"

"Mama... mama tu, Bibi."

"Toka!"

Hodi! "Mimi ndiye mjomba."

"Wewe si mwanangu wa kumzaa mwenyewe?"

"Ni mimi, mama."

"Toka!"

Akawatoa wote kumi na wawili, fagio mkononi, fya! fya! Kisha akaenda kwa Riziki, akamkuta anatwanga, twi, twi, twi.

"Riziki, nimechoka. Kwenu ulikuwa unaitwa nani?"

"Mbeyu. Mbeyu wa Ngala."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza, Bibi? Mlikuwa mnaniuliza kama nimeshiba."

Bibi Nyamvula akakaa chini, pu! Alilijua jina lile. Mtu mmoja aliwahi kupita, mwenye kovu shavuni, jina lake Chengo, anatoka ng'ambo ya mto wa pili. Alikuwa anamtafuta Mbeyu wa Ngala. Akaja mara mbili. Na mara zote mbili aliyemjibu, "Hapa hakuna mtu huyo," alikuwa Bibi Nyamvula mwenyewe, mjuzi wa koo zote.

Akashika fimbo yake. Nda, nda, nda, mto wa kwanza. Nda, nda, nda, mto wa pili. Siku ya tatu akamkuta Chengo anatengeneza ua.

"Dada yako yuko kwetu."

Chengo akamtazama. Akatupa panga chini.

"Si wewe uliyenifukuza? Mara mbili! Nilikwenda kutafuta chakula, niliporudi hayupo. Nimetembea mpaka nyayo zikapasuka. Bibi gani wewe?"

"Ni mimi. Nimekosa, na ninaona aibu. Nitukane njiani, tunachelewa."

Chengo akamtukana hadi mto wa pili. Akamtukana hadi mto wa kwanza. Bibi, na ulimi wake wote ule, akayapokea yote, nda, nda, nda.

Siku ya sita wakafika. Chengo akasimama uani, akaita.

"Mbeyu!"

Mchi ukaanguka, ti!

"Bee, kaka!"

Riziki akatoka mbio, mwenye mvi, analia kama wa miaka saba. Kadzo naye akachungulia mlangoni, macho yamemtoka.

"Mama," akauliza, "Mbeyu ni nani?"

Arusi ikafungwa kesho yake. Lakini hebu niambieni nyinyi mnaonitumbulia macho: mama zenu waliitwa nani kwao? Mnaona? Basi mpeni mgeni chakula, mpeni na mahali pa kulala, lakini kabla hamjampa jina, muulizeni lake.

Hadithi yangu imekaa chini hapo. Nendeni mkaulize.