Waliofika Baada ya Saa Mbili

Mtu mmoja aitwaye Lusekelo alikuwa na kazi ya kutengeneza kurasa za kompyuta, na kituo cha afya cha kule milimani kilimwita akitengenezee orodha ya wagonjwa. Akatengeneza jedwali. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake. Muuguzi wa mapokezi akiubofya mstari, kadi ya mgonjwa inafunguka na kengele inalia chumbani kwa daktari, naye daktari anajua nani aingie. Watu walimsifu sana.

Sasa, wazee wangu, sikilizeni alivyofanya. Ukurasa ulipofunguliwa asubuhi, saa mbili kamili, programu yake ilipita mstari kwa mstari ikiupa kila mmoja sikio, ili ukibofywa usikie. Ikimaliza, basi, imemaliza. Waliofika baadaye waliandikwa kwenye jedwali lile lile, kwa herufi zile zile, ila masikio hawakupewa. Ukibofya jina la aliyefika saa nne, kimya. Unabofya tena, kimya. Lusekelo hakuliona kosa lake, kwa sababu siku ya kujaribu alitumia majina aliyoyaandika mwenyewe kabla ya kuufungua ukurasa. Kuufunga na kuufungua upya kungewapa masikio hata wageni, lakini pale kituoni ilikuwa mwiko kuufunga kabla ya jioni, maana mtandao wa kule ni wa kubahatisha, na siku moja waliufunga wakakaa hadi alasiri bila orodha.

Je, watu wa mapokezi walimpigia fundi simu? Wapi! Walitunga sheria. Wakabandika karatasi ukutani: anayefika baada ya saa mbili arudi kesho, au asubiri mpaka daktari aulize. Kosa la fundi likageuka kuwa kosa la mgonjwa, hivi hivi tu, mchana kweupe. Miezi minane, jamani! Watu wanaotoka ng'ambo ya bonde, waliotembea tangu alfajiri, wanaambiwa ni wavivu wa kuamka. Hilo linanichoma mpaka leo. Siikasirikii programu, haina roho. Nawakasirikia walioona kimya kile kila siku wakakizoea.

Siku moja akaja mama mmoja, Tusekile, amemshika mkono binti yake Atupele, mjamzito wa miezi saba, naye anatokwa na damu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Muuguzi akaandika jina la binti, akabofya, kimya. Akaonyesha karatasi ya ukutani. Wakakaa kwenye benchi. Daktari aliwamaliza wa asubuhi saa nne, na kwa kuwa kengele haikulia tena, akadhani nje hakuna mtu. Akakaa chumbani kwake anakunywa chai, hatua ishirini kutoka kwenye benchi lile. Hatua ishirini!

Saa sita Tusekile akainuka. Akaizunguka meza ya mapokezi, akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta, akasema, "Jina la mwanangu si hili hapa? Kama hamtaki kumsikia, mlimwandika wa nini?"

Muuguzi akashikwa na haya, akaenda kwa miguu yake kugonga mlango. Daktari akaja mbio. Atupele alipona. Mtoto hakupona.

Ndipo Lusekelo akaitwa. Akayaondoa masikio yote ya mistari, akaweka sikio moja kwenye jedwali lenyewe, ili yeyote aliyemo, wa asubuhi au wa jioni, jina lake likibofywa, jedwali lisikie na kuuliza, ni mstari upi? Ilikuwa kazi ya mistari sita ya maandishi. Alimaliza kwa nusu saa, kisha akatoka nje akalia nyuma ya jengo, na sidhani kama kilio kile kilimsaidia mtu.

Mnanitazama, wazee wa kanisa, mnadhani mchungaji leo ameamua kufundisha kompyuta. Hapana. Sisi tuliofungua kanisa hili tulipeana masikio siku ile ya kwanza. Mmoja wetu akikohoa tu, kikao kinasimama. Waliokuja baadaye tumewaandika, tumewapa viti, tumewafundisha nyimbo zetu. Wakisema neno, tunatazamana. Na sababu tunazo tayari: si wenyeji, hawajazoea utaratibu, wangekuja mapema. Mama Ipyana ameandikwa katika daftari letu mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita alimzika mumewe, na taarifa aliileta mwenyewe hapa ofisini, kwa mkono wake. Ni nani kati yenu aliyekwenda?