Mugaya na Mlango wa Ningu

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa, au mbu amepita? Wajukuu wawili wazima, sauti ya mbu! Paukwa!

"PAKAWAAA!"

Haya, sasa hata maharage yamesikia. Sogeeni motoni, mvua hii haitoki leo. Mafuru, toa mkono kwenye kiazi, hakijaiva. Kesho baba yenu anakuja kuwachukua, shule zinafunguliwa, kwa hiyo hii ndiyo ngano ya mwisho. Sitaki wa kusinzia.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imezeeka, palikuwa na mvuvi aitwaye Mugaya. Huyu hakuvua ziwani. Alivua mtoni, juu kabisa, mahali ambapo mto ni mwembamba na maji yanagombana na mawe. Mke wake alikuwa amefariki. Ndugu zake wote walikuwa wamehamia ziwani. Alibaki na mgono wake, ule mtego wa samaki wa kusuka kwa fito, na chungu kimoja, na mdomo usio na wa kusema naye.

"Bibi, hakuwa hata na mbwa?"

Alikuwa naye, mjukuu wangu Nyangeta. Mbwa naye akahamia ziwani. Huko ndiko kwenye mifupa ya samaki.

Basi Mugaya alikuwa amejenga ukuta wa mawe kukatisha mto, na katikati ya ukuta aliacha mlango, upana wa hatua moja. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini mvua za masika zikinyesha hupanda mto kwenda kuzaa. Mila ya mto ule ilikuwa hivi: ningu anayepanda haguswi, ana watoto tumboni. Anayeshuka ndiye mboga.

Mwaka wa kwanza mvua ikanyesha. Ningu wakapanda, Mugaya akawatazama. Ningu wakazaa, wakashuka, Mugaya akatega mgono mlangoni. Akapata wa kwanza, akapata wa pili. Wa tatu akaimba:

Mugaya, nifungulie,
kwetu mbali, mto unapungua,
Mugaya, nifungulie.

Mugaya nusura aanguke majini. Si kwa sababu samaki ameimba. Ni kwa sababu mwaka mzima ulikuwa umepita bila mtu kumwita jina lake.

"Sema tena jina langu," akasema.

"Mugaya."

"Tena."

"Mugaya, mgono huu unanibana! Nifungulie, nikupe habari za ziwani."

Akamfungulia. Ningu yule akatimiza ahadi. Siku tatu alikaa kando ya jiwe akimsimulia nani kaoa, nani kaozwa, mtoto wa kaka yake kaota meno mangapi. Mugaya akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Siku ya nne ningu akapita mlangoni, akaenda zake.

Mwaka wa pili mvua ikanyesha. Ningu wakapanda, wakazaa, wakashuka. Yule ningu akaja mwenyewe kwenye jiwe, bila mgono. Mugaya akasonga ugali, akawa anamtupia matonge. Siku tatu wakazungumza. Siku ya nne Mugaya akasema, "Kaa."

"Mto unapungua, Mugaya. Nikikaa nitabaki dimbwini. Njoo wewe ziwani, ndugu zako wapo."

"Ziwani kuna kelele."

"Kelele ndiyo watu, Mugaya."

Hakutaka kusikia. Ningu akaenda zake. Kiangazi kile Mugaya alikuwa akikisalimu chungu kila asubuhi, na siku moja alikigombeza kwa sababu hakikuitikia. Msicheke. Upweke hauna adabu, wajukuu zangu. Unamfanyia mtu mzima mambo ya aibu.

Mwaka wa tatu mvua ikanyesha. Ningu wakapanda, wakazaa, wakashuka. Yule ningu akaja kwenye jiwe, akaanza kusimulia. Mugaya akawa anaitikia, "Ehe! Ikawaje?" na huku mguu wake chini ya maji unasogeza mawe mlangoni. Habari moja, jiwe moja. Habari moja, jiwe moja. Siku ya nne ningu akageuka aende zake. Mlango haupo. Akaimba. Imbeni nami!

"Mugaya, nifungulie, kwetu mbali, mto unapungua, Mugaya, nifungulie!"

"Kaa kidogo tu," Mugaya akasema. "Kesho nitakufungulia."

"Mfungulie, Bibi!"

Mnanipigia kelele mimi? Mimi ndiye niliyefunga? Haya, kesho ikafika, ningu akaimba, Mugaya akasema kesho. Kesho nyingine ikafika, sauti ikawa ndogo. Halafu ningu akanyamaza. Habari zilikuwa zimekwisha, maana habari hufuatwa huko zilipo, hazizaliwi dimbwini. Mugaya akapiga magoti. "Sema jina langu tu." Kimya. "Mara moja tu." Kimya. Sasa wakawa wawili, na upweke wa Mugaya ukawa mkubwa kuliko alipokuwa mmoja.

Ndipo akaurukia ukuta, akautupa jiwe kwa jiwe. Lakini ng'ambo ya ukuta mto ulikuwa umeshakauka, mchanga mtupu. Akamtia ningu kwenye chungu cha maji, akashika njia. Akatembea, akatembea, akatembea, siku mbili. Akafika ziwani akammimina. Ningu akaelea ubavu. Kisha mkia ukatikisika mara moja, akazama, akaenda. Hakuaga.

Pale ufukweni watu walikuwa wakivuta wavu. Mtoto mmoja akauliza, "Baba, yule mwenye chungu ni nani?" Na kaka yake Mugaya, wa tumbo moja, akamtazama, akasema, "Simjui." Mugaya akaona aibu kujitaja. Akarudi mtoni.

Mwaka wa nne mvua ikanyesha. Ukuta haukuwepo tena. Ningu wakapanda, wakazaa, wakashuka, na Mugaya akawa anamwambia kila mmoja, "Karibu, karibu." Hakuna aliyejibu. Ningu wakinyamaza wote hufanana.

"Yule alikuwemo, Bibi?"

Labda alikuwemo. Labda alipita siku Mugaya alipokwenda kutafuta kuni. Aliyenisimulia hakujua, na mimi sijui.

Funzo lenyewe ni hili: ukimfungia mtu mlango ili akae nawe, hatakaa nawe, atakaa na mlango. Ngano yangu imekomea hapo, mwenye masikio ameipata.

Sasa Nyangeta, kabla hujanawa, nenda chumbani kwangu, fungua pipa la mtama, zamisha mkono mpaka chini kabisa. Utakuta kiatu chako kimoja cha shule. Nilikificha mimi, leo asubuhi. Kifute vumbi vizuri, baba yako asije akakukuta hujawa tayari.